Kijana Aumwaye Kichwa Alfajiri



Desturi yetu sisi waandishi wa mambo ya dini ni kuanza na hoja, kisha tukaleta mfano wa kuitilia nguvu. Leo naomba ruhusa niigeuze desturi hiyo. Mfano ninao, nao ni wa kosa langu mwenyewe, na kosa lenyewe nililitenda kwa jina la dini.

Katika kijiji kimoja chini ya Mlima Rungwe, upande ambao mvua hunyesha karibu mwaka mzima na nyumba zimejificha ndani ya migomba, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akija kwangu jioni kujifunza kusoma Kurani Tukufu. Umri wake ulikuwa miaka 17. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, na sauti yake ilikuwa nzuri. Muda si muda akaanza kuchelewa, kisha akawa anasahau alichokihifadhi jana. Nilipomwuliza akanieleza kwamba kila aamkapo alfajiri kichwa humwuma sana, na kwamba akishatapika hupata nafuu, akaweza kwenda shule. Nami nikamjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu: Unakesha mno na vitabu, mwanangu. Lala mapema, zidisha dua. Nikamwombea palepale, akaondoka amefurahi.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo niliiona kwa macho yangu nisiitambue. Katika swala, alipoinuka kutoka katika sijida, alikuwa akishika kichwa kwa mikono miwili na kusita kitambo kabla ya kukaa. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Hata niliwahi kuwaambia vijana wengine watazame jinsi mwenzao asivyofanya haraka katika sijida yake.

Basi ikapita miezi minne. Alipewa dawa za malaria mara mbili, kisha za taifodi. Jirani mmoja akasema hili si la hospitali, akakumbusha kesi ya shamba aliyonayo baba yake, na mjomba akataja mganga wa ng'ambo ya mpaka. Kijana akaanza kutembea akiyumba kama abiria aliyeshuka sasa hivi kutoka katika meli ya Ziwa Nyasa. Aliyeiona hatari hakuwa mwalimu wake wa dini wala mtu yeyote aliyesoma. Alikuwa bibi yake, mama mzee asiyejua herufi. Alimwona mjukuu wake akimimina chai kando ya kikombe, akasema: Huyu anaona vikombe viwili, mpelekeni kwa wa macho. Muuguzi wa macho akamulika ndani ya jicho kwa kurunzi yake, akaona mshipa wa nyuma umevimba, na siku hiyo hiyo akaandika barua ya rufaa.

Picha ya CT ilionyesha uvimbe katika ubongo mdogo, yaani ile sehemu ya nyuma ya kichwa inayosimamia mizani ya mwili. Ilikuwa saratani. Alipasuliwa Dar es Salaam, kisha akapigwa mionzi, na leo yu hai, Alhamdulillah. Lakini jicho lake la kulia halioni, na la kushoto huona vivuli tu. Daktari alieleza kwamba uvimbe haukuligusa jicho. Kilichoua mshipa wa kuonea ni shinikizo lililokaa kichwani kwa muda mrefu. Miezi minne ile, ndugu zangu, nimeihesabu mara nyingi, na mitatu katika hiyo ilikuwa ya nasaha zangu.

Inafaa nieleze jambo lenyewe jinsi nilivyoelezwa, kwa kuwa mtu akijua sababu hawezi kudanganyika kwa urahisi. Ndani ya fuvu mna ubongo na maji safi yanayouzunguka, na fuvu ni mfupa mgumu usiotanuka. Uvimbe ukikua hukosa pa kwenda, na mara nyingi huziba njia ambayo maji hayo hupitia. Basi maji hujaa na kukandamiza. Mtu alalapo usiku kucha shinikizo huongezeka, kwa hiyo maumivu humkuta alfajiri, tena huzidi anapoinama, anapokohoa au anaposujudu. Akisimama na kutembea, hupungua. Kwa sababu hiyo kijana yule alionekana mzima kila saa nne asubuhi, na sisi tukadhani anatutania. Ikiwa uvimbe uko mahali pengine katika ubongo, dalili nazo hubadilika. Huyu hupatwa na kifafa ambacho hakuwa nacho utotoni, yule mkono hulegea, mwingine tabia hugeuka akawa mkali au mzito, na mwingine huacha kukua au kubalehe wakati wenzake wanabalehe.

Ugonjwa huu si wa kawaida, na sitaki mzazi yeyote asomaye haya aanze kutetemeka kila mtoto anapoomba dawa ya kichwa. Vichwa vingi huuma kwa mambo mepesi. Lakini kichwa kinachouma asubuhi baada ya asubuhi, kikifuatana na matapiko, na macho kuona viwili, au mwendo wa kuyumba, au kifafa kipya, au alama za shuleni kuporomoka bila sababu, hicho hakingojwi. Nchini Uingereza ilianzishwa mwaka 2011 kampeni iitwayo HeadSmart, iliyogawa kadi ndogo zenye dalili kama hizi, kadi yake kwa kila umri, na vijana wakiwa na ya kwao. Kabla yake, nusu ya wagonjwa walikuwa wakingoja zaidi ya wiki 14 tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kujulikana. Baada ya miaka michache wiki hizo zilishuka zikawa chini ya 7. Mashine hazikuongezeka kwa kadi hizo. Kilichoongezeka ni macho ya mama, ya mwalimu na ya daktari wa kwanza.

Hapa najua swali litakaloulizwa, maana nimeulizwa mara nyingi na wale wanaoichunguza dini yetu, na mara nyingine na ndugu zetu wenyewe. Husema: Ikiwa Mwenyezi Mungu ameshakadiria, kukimbilia hospitali si upungufu wa imani? Jibu lilitolewa zamani. Seyidna Umar r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamfahamisha kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mwingine mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Mtu wa Rungwe anayefuga ng'ombe haitaji kufasiriwa mfano huo. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. aliamrisha watu watafute dawa, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia na tiba. Dua ni amri na dawa ni amri. Kosa langu halikuwa kumwombea kijana yule. Kosa ni kwamba nilimwombea nikamrudisha nyumbani.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wetu wa nyanda za juu kusini wanahitaji kulijua zaidi kuliko watu wa pwani. Si kila kifafa kinachoanza ujanani ni uvimbe wa saratani. Katika mikoa hii nguruwe hufugwa kwa wingi, na utafiti mwingi uliofanywa hasa Mbozi umeonyesha kwamba tegu wa nguruwe ni tatizo kubwa. Mayai ya tegu huyo, yakimezwa na binadamu, huweza kufanya vifuko ndani ya ubongo na kuleta kifafa. Mwislamu asijidanganye kwamba hili halimhusu kwa kuwa hali nyama ile. Mayai hutoka katika choo cha mtu mwenye tegu tumboni, yakaingia katika maji, mboga na mikono isiyonawiwa. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi washika dini wa New York waliopatwa na ugonjwa huo huo bila ya kuonja nguruwe maishani mwao. Kifua kikuu nacho huweza kuweka uvimbe kichwani. Tiba za magonjwa haya ni mbalimbali kabisa, na dawa ya moja yaweza kumdhuru mwenye jingine. Kwa nje yote yanafanana. Kinachoyatenganisha ni picha ya kichwa na daktari anayejua kuisoma.

Na wasichana je? Mambo yao ni mazito zaidi. Msichana wa miaka 16 anayetapika kila asubuhi huko shuleni haulizwi kama kichwa kinamwuma. Huulizwa ni nani aliyempa mimba. Zipo hata aina za uvimbe, katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambazo husimamisha hedhi na huweza kuleta maziwa katika matiti ya msichana ambaye hajaguswa na mwanamume. Wazazi wafikirie ni mangapi atakayotendewa kabla ya mtu kufikiri kichwa chake! Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, kwa hiyo tuhuma peke yake ilitosha kumfanya anyamaze na kuficha maumivu. Amri hiyo imeondolewa, lakini ndimi za watu hazijaondolewa. Kipimo cha mimba kikisema hapana, kazi haijaisha. Hapo ndipo ilipoanza. Akianguka kwa kifafa, husemwa ana mapepo, akasomewa usiku kucha, na kesho yake husomewa tena.

Sasa kuhusu njia. Kutoka Tukuyu mlango wa kwanza ni hospitali ya wilaya. Wengine wako karibu zaidi na Igogwe ya ndugu zetu Wakatoliki au Itete ya Walutheri, na hapana haya yoyote kwa Mwislamu kutibiwa huko na kuwashukuru. Kutoka hapo barua huelekea Mbeya, kilomita 70 na kidogo, katika hospitali ya rufaa ya kanda. Upasuaji mkubwa wa ubongo kitovu chake ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na mionzi ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Zote mbili ziko Dar es Salaam, na zote mbili zilipewa sheria zake mwaka 1996. Ocean Road ilipata mwaka 2018 mashine mpya za mionzi zinazolenga mahali pa ugonjwa kwa usahihi zaidi kuliko zile za kobalti. Mwanza nako, Bugando, pana mionzi.

Wako wanaokata tamaa wakisema mambo haya ni ya Wazungu. Nawakumbusha habari ya Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyo mbali na miji katika Wilaya ya Mbulu. Mwaka 2006, wakati wapasuaji wa ubongo wa nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, daktari mgeni kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alimfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga, Mtanzania asiye na shahada ya udaktari, kufungua fuvu na kuokoa wagonjwa. Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Tangu hapo MOI imekuwa ikiwafundisha wapasuaji vijana wa kwetu.

Hata hivyo sitaficha ugumu. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 900. Mionzi ya saratani kama ya kijana wetu hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki sita hivi, na katika wiki hizo mgonjwa na anayemwuguza wanahitaji pa kulala na cha kula. Kwa watu wengi kinachokatiza tiba ni kitanda na nauli kabla hata ya bei ya dawa. Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na katika hospitali za serikali yuko afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kusikiliza wasio na uwezo. Aonwe siku ya kwanza, fedha zikiwa bado zipo. Watu wengi humwendea baada ya kuuza ng'ombe wa mwisho. Na jamaa za misikiti yetu na makanisa ya jirani tunao ndugu Dar es Salaam wenye vyumba. Fungu la sadaka likimlipia kijana mmoja wiki sita za kulala, limefanya kazi kubwa kuliko zulia jipya. Barua, picha na majibu yote yawekwe katika mfuko mmoja wa nailoni usioingia maji, nao usimwache mgonjwa. Mvua yetu mnaijua.

Sasa nafika katika jambo ambalo hasa limenifanya niandike, nalo halihusu mashine.

Kijana wa miaka 15, 17 au 20 hana mahali pake katika uuguzi. Wodi ya watoto ina picha za wanyama ukutani na vitanda vifupi, na yeye ndevu zimeanza kumwota. Wodi ya watu wazima imejaa wazee, na yeye hulala katikati yao akisikiliza habari za mirathi. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2018 mpango wake wa saratani za watoto, likiweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau 60 katika kila 100 wapone, liliwahesabu hadi wenye miaka 19. Wataalamu wa Marekani huwahesabu vijana kuanzia 15 hadi 39, wakisema ni kundi lenye haja zake. Haja hizo ni zipi? Shule, uchumba, kazi, uso wake katika kioo. Dawa na mionzi huweza kudhuru uwezo wa kuzaa, na swali hilo lapasa kuulizwa kabla ya tiba kuanza. Lakini nani atamwuliza kijana mbele ya baba yake? Kwa hiyo haliulizwi. Madaktari huzungumza na baba, baba huzungumza na mjomba, na mwenye kichwa hutazama dari.

Sisi tulimficha kijana wetu. Tulikubaliana, mimi nikiwemo, kwamba asitajiwe neno saratani, tukaita uvimbe mdogo. Alilisikia kutoka kwa mgonjwa mwenziwe aliyemwuliza bila kukusudia ubaya: Na wewe saratani yako iko wapi? Niliposafiri kwenda kumtazama hakulia. Aliuliza neno moja tu: Mwalimu, na wewe ulijua? Sikuwa na jibu. Mtu niliyemfundisha kwamba uwongo ni mzizi wa maovu yote alikuwa ananiuliza habari za uwongo wangu.

Tazameni jinsi Mtume Mtukufu s.a.w. alivyofanya. Ibn Abbas r.a. amesimulia habari za mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akipatwa na kifafa na, anapoanguka, nguo zikimfunuka. Alikuja kuomba dua. Mtume s.a.w. hakuamua kwa niaba yake. Alimwekea mambo mawili mbele yake: akitaka atasubiri na malipo yake ni Pepo, na akitaka ataombewa apone. Mwanamke akachagua subira. Kisha akaomba jambo lake mwenyewe, ambalo labda mwanamume yeyote asingelifikiria, kwamba aombewe asifunuke. Akaombewa. Nimeifundisha hadithi hii miaka mingi kama hadithi ya subira, nami niliisoma hivyo chuoni ng'ambo. Siku hizi naiona pia kuwa hadithi ya mgonjwa aliyeambiwa ukweli, akaulizwa, akasikilizwa. Na aibu yake ikahesabiwa kuwa ni haja inayostahili dua.

Basi nikarudi kwa kijana nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza anataka nini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali ya mauti na ya kaburi. Hakuuliza hayo. Alisema anataka usiku asiongozwe na mama yake kwenda chooni, na asiogeshwe naye. Mzee mmoja wa Kinyakyusa niliyemsimulia hayo alitikisa kichwa kwa kunishangaa kwamba sikujua. Katika mila yao ya zamani mtoto wa kiume wa miaka kumi au kumi na mmoja alitoka nyumbani kwa mama yake akalala na wenziwe katika kijiji cha rika lao, vibanda walivyojijengea wenyewe. Wakati wa kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Monica Wilson wa Afrika Kusini, aliyekuja Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company, kilichochapwa mwaka 1951. Neno ambalo kitabu kinalizunguka ni ukwangala, yaani kuketi na wenzako kwa furaha, mkila na kuzungumza. Vijiji vyenyewe havipo tena. Lakini wazee hawa walijua, kabla ya wodi yoyote kujengwa Tukuyu, kwamba mtu wa umri ule hulelewa na rika.

Na rika la kijana wetu lilikuwa limemkimbia. Wengine waliambiwa saratani huambukiza, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Wengine waliogopa kovu lililo kisogoni na kichwa kisicho na nywele. Wengi, nadhani, hawakujua tu waseme nini. Niliwaita nikawaambia wasiseme kitu, waende na mpira wa redio wakasikilize pamoja. Ilihitajika Jumamosi tatu hadi wa kwanza akaenda.

Nisisahau Ramadhani. Vijana washika dini ndio wenye hatari hapa, kwa sababu hutaka kufunga ili waonekane hawajashindwa. Dawa za kifafa haziachwi hata siku moja bila amri ya daktari. Akiziacha ghafla, kifafa huweza kumshika mfululizo. Dawa za kupunguza uvimbe ubongoni nazo hazikatwi kwa ghafla. Kurani Tukufu imempa mgonjwa ruhusa waziwazi, na asiyeweza kusujudu kwa sababu ya kichwa huswali ameketi, kwa ishara. Kuikataa ruhusa ya Mungu si uchaji.

Na wale ambao hawatapona? Wapo, na lazima tuseme. Baadhi ya saratani za ubongo hupona kwa wengi wakiwahi. Aina moja ipatikanayo sana kwa vijana, itokanayo na chembe za uzazi zilizopotea njia, katika nchi tajiri huponywa kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika 10. Nyingine hata huko tajiri hazina tiba. Kwa hao maumivu yasiachwe yawe ibada ya kulazimishwa. Mofini ya kunywa ni dawa halali ya daktari, na si ulevi. Jirani zetu Uganda wametuonyesha njia: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji iliyo rahisi kutengeneza, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa huko wameruhusiwa kuiandika. Ocean Road pia hutoa mofini hiyo. Mtume s.a.w. alipougua kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, alikwenda mwenyewe nyumbani kwao akaketi karibu na kichwa chake. Aliyeketi hapo alikuwa kiongozi wa dola, na mgonjwa alikuwa mtumishi, tena wa dini nyingine.

Jumamosi iliyopita nilipanda kwenda kijijini. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Barazani nilikuta vijana sita juu ya mikeka, sufuria ya viazi katikati, na mama yake yuko jikoni hakuitwa. Mmoja alikuwa akisoma kwa sauti kitabu cha baiolojia, sura ya jicho. Alipotamka vibaya jina la mshipa wa kuonea, yule asiyeona alimkatiza akamsahihisha, wakacheka wote, naye akamwambia aanze tena tangu juu ya ukurasa.